Bibi Hakunivunja

Mbeya,
Jumapili asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naanza na salamu kama ulivyonilea, maana ulisema mtu hamwagi maneno mlangoni kwa watu kabla hajapiga hodi. Mimi ni mzima. Kifua kilichonibana mwezi uliopita kimeniachia, nimebaki na kikohozi kidogo cha asubuhi ambacho hata wenyeji wa huku wanacho. Nakuuliza na wewe: magoti yanasemaje? Mdogo wangu Rehema ameniambia umeanza tena kwenda shamba la bondeni kwa miguu, na ukikatazwa unajibu kwamba magoti ni yako. Sawa, ni yako, lakini watakaokubeba ni sisi. Na mahindi je? Yameshika, au yanatia huruma kama ya mwaka jana? Huku mvua inanyesha mpaka unasahau kuwa kuna kitu kinaitwa vumbi. Nguo nikifua Jumatatu nazivaa Ijumaa, na bado zina unyevu.

Utashangaa kuletewa barua wakati mimi nina simu na wewe unayo. Sababu ni mbili. Ya kwanza, simu yako unaongea ukiwa umeiweka sauti ya juu, nyumba nzima inasikiliza na jirani anachangia. Ya pili, neno nililonalo nimejaribu kukuambia mara tatu, na kila nikitaja Kerenge, kwa kina Baba, unasema mtandao unakata. Mama, mtandao wa Mazingara naujua, haukati kwa jina la mtu. Barua haina mtandao. Nimempa kondakta wa basi linalokwenda Tanga, ataiacha dukani Kabuku na Rehema ataifuata. Isome mwenyewe, ukiwa peke yako. Ukikasirika iweke chini, hasira ikipoa uiokote umalizie.

Kabla ya yote, niungame jambo langu. Nilikuambia nasafisha ofisi za chuo. Si uongo wote, ofisi mbili nasafisha kweli. Lakini kazi yangu hasa ni kutunza chumba ambamo wanafunzi wa udaktari wanajifunza mwili wa binadamu. Mwili wenyewe, si picha. Mle ndani wamelala watu juu ya meza, wamehifadhiwa kwa dawa kali inayochoma macho. Wengine waliusia wenyewe wakiwa hai kwamba miili yao isomewe, wengine hawakupata ndugu wa kuwafuata. Sikukuambia kwa kuwa nilijua utaniambia niache, nami sikutaka kuacha. Nikiingia nasema bismillahi. Nikimaliza kuosha meza nawafunika vizuri, nguo ifike miguuni, kama tulivyomfunika Baba. Masomo yakiisha huzikwa kwa heshima. Hakuna anayewacheka mle ndani, na anayejaribu hutolewa nje.

Miaka miwili niliingia na kutoka bila kutazama. Nilikuwa natazama sakafu na ndoo yangu. Nilijiambia hao ni wa wasomi, mimi wangu ni ufagio.

Siku moja baada ya Iddi dumu la dawa lilinipasukia mikononi, dawa ikanimwagikia kifuani. Nikavua shati palepale kwenye karo na kujimwagia maji. Mwalimu wa somo hilo, Daktari Tumaini, mama wa makamo asiye na maneno mengi, akaja mbio na taulo. Aliponifikia akasimama, taulo likiwa bado mkononi mwake. Namna ile ya kusimama naijua. Unakumbuka nilipokuwa mdogo, watoto wa pale kwetu walivyokuwa wakija kuangalia moyo wangu unavyopiga chini ya ngozi, upande wa kushoto usio na nyama? Nilikuwa nawatoza kipande cha muwa kila mmoja. Nilipopata akili nikaacha kuvua shati, hata kwenye kuchimba msingi juani.

"Shabani, samahani," akasema. "Hiyo ni ya kuzaliwa?"

Nikampa jibu nililowapa watu wote maisha yangu yote. "Hapana, Daktari. Bibi yangu alinivunja nilipokuwa mchanga."

"Alikuvunjaje?"

"Kwa kunikanda. Ndani ya arobaini."

Hakunicheka wala hakushangaa. Alisema kwao pia watoto hukandwa, yeye mwenyewe alikandwa. Akanipa taulo, akaniambia kwamba siku nitakayopenda angetaka kunitazama vizuri, na nisipopenda yaishe. Nilikaa wiki mbili namkwepa. Nilikuwa na hasira naye bila sababu. Siku ya mwisho wa wiki ya pili nikajisemea, Shabani, unaogopa kuambiwa nini usichokijua? Nikaenda.

Alinisimamisha dirishani kwenye mwanga. "Shika kiuno kwa mikono yote miwili. Sasa kibane kwa nguvu." Nikabana. Upande wa kulia, mbele ya kwapa, nyama ikasimama ngumu kama kamba nene. Kushoto ikabaki ngozi tupu. Akachukua kalamu ya wino akanichora kifuani kulia, na huku anachora ananieleza. Msuli mkubwa wa kifua unaanzia kwenye mtulinga, ule mfupa unaotoka shingoni kwenda begani, na unaanzia pia katikati, kwenye mfupa wa kidari, ukishuka na mbavu. Umetanuka kama upepeo wa kupepea moto. Kisha nyuzi zake zote zinakusanyika, zinajisokota, zinaushika mfupa wa mkono chini kidogo ya bega. Huo ndio unaomwezesha mtu kukumbatia, kusukuma mlango mzito, kushusha jembe kwa nguvu, kumkandamiza mtoto kifuani asianguke.

Akahamia kushoto. Kalamu ikapita pale kwenye mtulinga, ikachora mstari mfupi, ikasimama. "Kipande hiki cha juu unacho," akasema. "Kile kipana hakipo. Na chini yake huwa kuna msuli mwingine mdogo, unatoka kwenye mbavu kwenda kwenye kombe la bega. Nao haupo."

Nikamuuliza mbona nabeba ndoo mbili kama watu wengine. Akanishika bega. Akasema misuli ya mgongo imejifunza kazi isiyo yake, na huu unaolifunika bega kama kofia umenenepa kwa kusaidia. Nilikuwa sijui kuwa bega langu la kushoto ni nene kuliko la kulia. Nimelala nalo miaka thelathini na miwili.

"Inua mikono juu," akasema. Nikainua. Akaniuliza kama nimewahi kujitazama kwapani. Kulia nina nywele kama mwanamume yeyote, kushoto hakuna hata moja. Akanionyesha chuchu ya kushoto, ni ndogo na imekaa juu kuliko mwenzake. Haya yote nilikuwa nayaona kila nikioga, Mama, na sikuwahi kuyafikiria.

"Sasa niambie wewe," akasema. "Mtu anaweza kumkanda mtoto mpaka chuchu ikapanda juu? Anaweza kuzuia nywele ambazo zitaota miaka kumi na mitano baadaye?"

Nikajipapasa kwapani.

"Msuli ukikatika huacha kisiki," akasema. "Huacha kano, huacha kovu. Hapa hakuna kisiki. Hapa hapakuota kitu tangu mwanzo."

Akanieleza kwamba mambo haya hutokea mtoto akiwa tumboni, wiki za mwanzo kabisa, mkono ndio kwanza unachomoza. Wanadhani damu haikufika vizuri mahali pale kwa wakati wake. Hata wao hawajui yote. Mara nyingi mama mwenyewe anakuwa bado hajajua kama ana mimba. Hapo nikamuuliza, "Kwa hiyo ni kosa la mama?" Alinijibu papo hapo. "Si mama. Si alichokula, si alichobeba, si aliyekosana naye. Si baba. Si mkandaji. Haina mwenyewe."

Maneno hayo mawili naomba uyasome tena. Haina mwenyewe.

Kisha akanipeleka chumbani, akafunua meza moja. Alikuwa mzee mmoja mwembamba, viganja vyake vina sugu kubwa za mpini, bila shaka alilima maisha yake yote. Nilikuwa nimeosha meza yake mara nyingi. Daktari akaniambia, "Leo tazama." Nikatazama. Nikauona ule upepeo kama alivyonichora, nyuzi zimepangwa, zinajisokota zikifika begani. Akauinua taratibu nikaona mdogo wake chini. Sikuona kinyaa, wallahi. Niliona haya tu kwamba mtu huyu, nisiyemjua jina wala kwao, amenionyesha mimi kitu ambacho sina. Nikamwombea dua kimoyomoyo, na tangu siku hiyo nikimfunika namsalimu.

Wakati tunatoka Daktari akauliza, kama anayeuliza jambo dogo, "Nani aliyegundua kwanza? Kliniki?"

"Bibi mwenyewe," nikasema. "Siku ya tatu."

Akasimama pale mlangoni. "Siku ya tatu ya kuzaliwa? Kwa vidole?"

"Kwa vidole."

"Mtoto wa siku tatu ni mikunjo na mafuta. Mimi nimefundisha kifua na bega miaka mingi, na siku ya tatu nisingekuwa na hakika." Akatikisa kichwa. "Huyo bibi alikuwa na mikono, Shabani."

Mama, sasa ndipo penyewe.

Hadithi hii si yangu, ulinisimulia wewe. Nilizaliwa Kerenge, nyumbani kwa kina Baba, na wewe ulikuwa na miaka kumi na tisa. Bibi Mwanaidi, mkweo, ndiye aliyekukanda kwa maji ya moto na ndiye aliyenikanda mimi kwa mafuta ya nyonyo, ananinyoosha mikono na kunikutanisha viwiko kifuani kama walivyokandwa watoto wote wa ule mji. Siku ya tatu akaacha kukanda, akakuita, akauweka mkono wako kifuani kwangu na kukuambia: mtoto huyu upande huu hana nyama. Ulinisimulia hivyo mara nyingi, na kila mara ulimalizia na maneno yaleyale: "Alisema kwa kinywa chake mwenyewe." Wewe uliyachukua kama ushahidi. Jirani aliyekuja kutazama mtoto akasema Bibi amemvuta, amemchana ndani, na neno likaenea. Kabla arobaini haijaisha ukanibeba, ukarudi Mazingara kwa wazazi wako, na Baba akakufuata akajenga huko.

Nami nilisimulia hivyohivyo. Nilisimulia shuleni, nilisimulia kazini, nilimsimulia kila mtu aliyeniuliza. Kwa hiyo sisemi kwamba umekosa wewe na mimi nimesimama pembeni. Lakini hebu tulifikirie. Siku ya tatu alikuwa amenikanda mara ngapi? Mara mbili au tatu. Mtu akipita kwenye shamba lako akakuambia lina mchwa, je, yeye ndiye aliyeleta mchwa? Tulimshika aliyeona tukamfanya ndiye aliyetenda. Alikuwa na vidole vya kuona kile ambacho daktari angehitaji kalamu na mwanga wa dirisha kukiona, na malipo yake yakawa hayo.

Sitaki kuyarefusha ya nyuma, ila moja linanikaba. Rehema alipojifungua mtoto wake wa kwanza, Bibi alikuja. Hakuna aliyemwita. Alishuka barabarani akatembea na jua lile mpaka kwetu, mkononi ana chupa ya mafuta ya nyonyo imefungwa kwenye kitambaa. Uliinuka, ukamchukua mtoto kwa Rehema, ukaingia naye ndani na kufunga mlango. Hukumtukana. Ungemtukana ingekuwa nafuu. Bibi alikaa kwenye kigoda, akanywa maji aliyopewa, akamwambia Rehema hongera, akaondoka. Mimi ndiye niliyemsindikiza. Njia nzima hakusema neno baya juu yako. Tulipofika barabarani akanishika mkono wa kushoto, akauinua, akauzungusha begani taratibu, akauliza, "Unafanya kazi?" Nikamwambia unafanya. "Vizuri," akasema. Ile chupa alirudi nayo. Na mimi, Mama, wakati ule niliuvuta mkono wangu haraka, maana nilikuwa nimelelewa hivyo. Nilimnyima bibi yangu mkono. Hilo silisahau.

Alhamisi iliyopita nilisimama mbele ya wanafunzi bila shati. Nilikubali mwenyewe, Daktari hakunilazimisha. Walinitazama kwa adabu. Mmoja akauliza nani aligundua na lini. Nikamjibu, Bibi Mwanaidi wa Kerenge, wilaya ya Korogwe, siku ya tatu. Nikawaona wanaandika.

Jioni yake nikampigia Baba mdogo Athumani. Hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo nadhani wewe unalijua na hukuniambia: kwamba Bibi hainuki tena tangu mwezi mtukufu. Macho hayaoni. Mke wa Baba mdogo yuko Tanga na bintiye mgonjwa, kwa hiyo anayemwogesha ni yeyote anayepatikana kati ya majirani, leo huyu kesho yule. Baba mdogo anasema Bibi anaona haya. Hulia kidogo wakati wa kuogeshwa, si kwa maumivu, kwa haya, maana ni watu baki wanaomshika. Nikaomba niongee naye. Akamwekea simu sikioni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Huko ni baridi?"

"Ni baridi, Bibi."

"Jifunike."

Nikamweleza yote. Nilieleza vibaya, nikaanzia katikati, nikarudi nyuma. Msuli, mtulinga, kisiki, nywele za kwapa. Nikamwambia hukunivunja, Bibi, daktari amesema hukunivunja.

"Mama yako umemwambia?"

"Bado."

"Sasa mimi unaniambia cha nini? Mimi nilikuwa najua."

"Ulijua nini, Bibi?"

"Kwamba ulikuja hivyo. Kabla yako nilimkanda mtoto wa watu hapahapa Kerenge, naye alikuwa hana nyama upande wa kulia. Akakua, akalima, akaoa. Nikajua si ugonjwa."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Siku ya tatu nilisema. Niliposikia wanasema ni mimi, nikanyamaza." Alipumzika, pumzi yake ni fupi sasa. "Ningeshikilia kwamba mtoto kazaliwa hivyo, wangemgeukia nani? Mama yako alikuwa binti mdogo, hata mwaka mzima hajamaliza kwetu. Wangesema tumbo lake lina kasoro. Walikuwepo waliokwisha kumwambia baba yako aoe mwingine, usinitajishe majina, wamekufa. Mimi nilishazaa, nilishaozesha. Mkono wangu ukisemwa unapungukiwa nini? Nikaona waache wauseme."

Nikamuuliza tu, kijinga, kama hakuumia.

"Ya kwako sikuumia," akasema. "Niliumia kwa wale wa Rehema. Wale nilitaka kuwaogesha."

Hivyo ndivyo alivyosema, Mama. Sikuongeza wala sikupunguza. Baada ya hapo akachoka, Baba mdogo akaichukua simu.

Nimekaa na maneno hayo siku tatu. Kazini nadeki mahali pamoja mara mbili. Nimejiuliza kama nikuambie au niyafiche, maana najua yatakuchoma. Nakujua. Watu wanasema wewe mgumu, mimi najua ulikuwa unaogopa. Binti wa miaka kumi na tisa, ugenini, mtoto wa kwanza, na kifua kimebonyea. Kama asingekuwa Bibi, angekuwa nani? Ulihitaji mtu wa kumbebesha kabla hawajakubebesha wewe. Sikulaumu kwa hilo. Lakini yeye alijua, akainama atwishwe mzigo ule, na sisi tukamwacha nao miaka thelathini na miwili bila hata kumwuliza kama ni mzito. Nasema hivi nikiwa nalia, na sioni aibu kukuandikia kwamba nalia.

Najua utasema mambo ya kale, yamekwisha. Hayajakwisha. Kwenye msiba wa Baba mlikaa mikeka miwili, mama aliyemzaa na mke aliyemzika, na watu walilazimika kutoa pole mara mbili. Naomba yasifike tena huko.

Ninachoomba ni kimoja. Nenda Kerenge. Usisubiri likizo yangu, likizo yangu iko mbali na pumzi yake ni fupi. Usitafute maneno, huna haja ya kuhutubia. Chemsha maji, waambie majirani asante, leo zamu ni yangu, na umwogeshe. Ukipenda mchukue Rehema na mtoto wake mdogo, Bibi amguse. Hana macho, ila vidole anavyo.

Najua na hili: siku yake ikifika utaitwa, na utakwenda, kwa sababu wewe si mtu wa kususia maiti. Utaingia ndani na wanawake wenzako, utashika maji, utamwosha mkweo kama dini inavyotaka, na utamwosha vizuri. Mimi kazi yangu ni kuwahudumia watu ambao hakuna tena wa kuwaambia neno wakasikia. Nawaosha meza, nawafunika, nawasalimu, na hawajibu. Ndiyo maana nathubutu kukuambia, ingawa wewe ni mama yangu na mimi sina mdomo wa kukufunza. Mikono yako isianze kumshika siku hiyo.

Mimi nimeshamwomba radhi kwa ule mkono niliomnyima. Alisema hakumbuki. Anakumbuka.

Nisalimie Rehema, mwambie nimempata yule kijana wa Kabuku aliyesema atampelekea mzigo, mzigo uko njiani. Wanawe wote watatu niwasalimie, na yule wa mwisho mwambie mjomba ameuona mwezi wa huku ni uleule. Nisalimie Mjomba Bakari, ndugu yako, na magomvi yake ya mipaka ya shamba. Shangazi wa kisimani mpe shikamoo yangu, na mwalimu wangu wa madrasa kama bado anatoka. Kaburi la Baba mlipalilie, nyasi za msimu huu hazina subira.

Ukikasirika na barua hii, nikasirikie mimi nikiwa bado nipo. Nakupenda, Mama, na sijapunguza hata kidogo.

Ni mimi mwanao wa kwanza,

Shabani

Ukifika, kaa upande wake wa kulia. Sikio la kushoto halisikii tena.